Hadubini Iliyongoja Jua

Asubuhi hiyo Bibi Theresia alikuwa amekaa mlangoni, ungo mapajani. Alikuwa anachagua mbegu za alizeti za kupanda. Nzima alizitia kwenye kibuyu. Mbovu alizitupa chini, na kuku wakazigombania.

Mbele ya kuku wote alikuwa jogoo mwekundu. Mzee Antipasi, mume wa Theresia, alimpenda jogoo huyo kuliko jembe lake. Alimpa jina la Mwenyekiti, kwa sababu alipiga kelele kabla wenzake hawajaamka, na kwenye chakula alikuwa wa kwanza.

Theresia akaweka ungo chini, akaenda kutazama moto.

"Rahabu!" aliita kutoka jikoni. "Nilindie mbegu!"

Rahabu alikuwa mjukuu wake, mtoto wa miaka mitano. Wazazi wake walikuwa machimboni Sekenke, Deo, baba yake, akichimba dhahabu na mama akiuza chai kwa wachimbaji. Mpaka siku hiyo baba alikuwa amepata mashimo mengi sana. Dhahabu ilikuwa bado.

Rahabu alikaa hatua tatu tu kutoka kwenye ungo. Hakugeuka. Theresia aliporudi, Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati ya ungo kama bwana harusi.

"Wewe mtoto! Nimeita, hukusikia?"

Rahabu akamtazama tu. Kichwa alikuwa amekilaza kwenye bega la kushoto.

"Kiburi hicho umekirithi kwa babu yako. Yeye pia nikimtuma hasikii."

Theresia akamshika paji la uso. Akaacha kugomba. Mtoto alikuwa wa moto kama chungu.

Hii ilikuwa homa ya tatu tangu Krismasi. Mara mbili za kwanza Theresia alimpeleka dispensari ya kijiji. Mara zote mbili mbingu ilikuwa imefunga mawingu, kwa hiyo damu haikupimwa. Rahabu alipewa vidonge vya malaria hivyo hivyo. Homa ilishuka, ikarudi.

Theresia akajitanda kanga, akambeba mtoto mgongoni. Rahabu aliegemeza shavu la kulia mgongoni kwa bibi. La kushoto hakutaka liguswe.

*

Kila mtu kijijini aliujua utaratibu wa dispensari. Damu hupimwa saa nane mchana, jua likifika kwenye dirisha la magharibi la maabara. Kabla ya hapo ni kungoja.

Wagonjwa walingoja kwenye benchi la ukutani, juani kabisa. Walikunja mikono ya nguo, wakaota jua kama mijusi juu ya mawe. Waliamini kwamba wadudu wa malaria hulala ndani ya damu, na jua ndilo huwaamsha. Damu baridi haionyeshi kitu. Hakuna aliyekumbuka nani alianza kusema hivyo, lakini kila mwenyeji alimfundisha mgeni.

Theresia akamkalisha Rahabu kwenye benchi. Akamvua kanga mabegani ili jua lipate nafasi.

"Maji, bibi," alisema Rahabu.

"Utakunywa. Vumilia kidogo, wadudu wanaamka."

Pembeni yao alikaa Mzee Alute, mwenye homa na maneno mengi.

"Mama Deo," alimwambia Theresia, "mgeuze mtoto. Upande huo umeiva."

"Na wewe geuka, Alute. Wewe umeungua tangu ujana."

Watu wakacheka, hata waliokuwa wanatetemeka. Lakini ilipokaribia saa nane, wingu kubwa likaja kutoka upande wa Sepuka. Upepo ukapiga. Jua likazimika.

Mlango wa maabara ukafunguliwa. Philipo, mpimaji wa damu, akatoa kichwa. Alivaa koti jeupe, kwa hiyo watu walimwita daktari. Pale kijijini ukivaa koti jeupe wewe ni daktari, hata kama weupe wenyewe ni vumbi la unga wa mashine.

"Jua limekataa," alisema. "Njooni kesho."

Nesi Winfrida akawaita mmoja mmoja. Alipofika kwa Rahabu, akashika kalamu aandike.

"Nampa dawa ya malaria, bibi."

"Tena?"

"Damu hatujaiona. Na huu ndio msimu wa mbu. Tunakisia."

"Mwanangu, hiki mmeshakikisia mara mbili. Kisieni kingine basi."

Winfrida akaweka kalamu chini. Hakukasirika. Alikuwa amechoka, maana siku hiyo alikuwa amekisia watu kumi na sita.

"Una haki, bibi. Ila nami siwezi kuona ndani ya damu kwa macho. Mpe panado ya kushusha homa, na maji mengi. Kesho mapema umrudishe. Tukikosa kupima kesho, nitakuandikia barua umpeleke mjini. Homa ya mara tatu si ya kungojewa."

Theresia akarudi nyumbani. Mjini Singida ni mbali. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua, na gari halikuwa limepita kwa siku tatu. Na mtoto mgongoni alikuwa mwepesi kuliko juzi.

*

Jioni, kabla giza halijaingia sawasawa, Mzee Antipasi alitoa tochi yake mpya.

Zamani watu walipanga foleni kwenye duka la ushirika wapate sabuni moja. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa. Kila mwenye mtaji alileta alichotaka, na mnada wa Sepuka ulijaa vitu vya Kichina. Vingine vilikufa kabla hujafika nyumbani. Lakini tochi ya Antipasi haikufa. Haikuwa na balbu moja ya kioo kama tochi za zamani. Ilikuwa na balbu saba ndogo, kila moja kama punje ya mahindi. Mwanga wake ulikuwa mweupe kama maziwa.

"Mwezi wa pili huu," Antipasi alisema, "na betri ni zile zile. Inakula kidogo kuliko wewe."

Theresia alikuwa anatazama ule mwanga ukutani. Akaugusa kwa kidole.

"Hiki ni kijua," alisema polepole.

"Ni tochi."

"Nimesema kijua."

Kulipokucha, mawingu yalikuwa yamekaa palepale. Antipasi alipotoka kwenda shambani, Theresia akachukua tochi bila kuomba. Akamketisha Rahabu ndani, akammulika mkono. Alimulika kiwiko, akamulika kiganja, mbele na nyuma, mpaka mkono wake mwenyewe ukachoka. Kisha akambeba mtoto mpaka dispensari.

Philipo alikuwa anafagia maabara.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Pima sasa."

"Bibi, hujaona mawingu? Hatuna jua."

"Jua nimemaliza nyumbani. Nimemmulika mkono kwa tochi tangu alfajiri. Wadudu wote wameamka."

Philipo akacheka. Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaona kwamba Bibi Theresia hacheki.

"Nani aliwaambia wadudu wanaamshwa na jua?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Kila siku unatoka hapo mlangoni unasema, ngojeni jua lije. Tukalingoja. Ulifikiri tunakaa kwenye benchi lile tuone mandhari?"

Kicheko kikafutika usoni kwa Philipo. Akachungulia nje, akalitazama benchi. Miaka mitatu alikuwa akiwaona watu wameketi juani, watoto wenye homa wakiwa wamevuliwa nguo. Yeye alidhani wanakimbia baridi. Hata siku moja hakuuliza.

"Bibi," alisema, "nisamehe. Jua si la damu. Jua ni la mashine. Njoo uone."

*

Akafunua hadubini juu ya meza. Ilikuwa ya zamani, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia.

"Wadudu wa malaria ni wadogo mno. Hawaonekani kwa macho. Hii inawakuza. Lakini ili nione, lazima mwanga utoke chini, upite kwenye kioo chenye damu, uje machoni kwangu. Hapa chini palikuwa na balbu yake. Iliungua. Nimeitafuta Singida, nimeagiza mpaka Arusha. Hakuna. Tangu hapo natumia hiki kioo cha kujitazamia kuvuta mwanga wa dirishani. Wala sivuti jua lenyewe, maana lingenipofusha. Navuta mwangaza wake tu."

"Kwa hiyo mvua ikija, wewe ni kipofu."

"Kipofu kabisa."

"Na mbu wanakuja na mvua."

"Hapo ndipo penye uchungu, bibi. Wakati watu wanaugua zaidi, ndipo mimi sioni."

Theresia akafikiri. Aliona haya kidogo, kwa ajili ya ule mkono aliomulika. Aliona hasira pia, kwa ajili ya benchi. Lakini aliona na kitu kingine.

"Sasa kama ni mwanga tu mashine inataka," alisema, "hii nimeibeba ya nini?"

Akaiweka tochi mezani.

Philipo akaitazama. Akaiwasha. Akaielekeza chini ya hadubini, akainamisha jicho.

"Naona mwanga! Ila… naona na taa saba. Kama macho saba yananitazama."

Hakungoja. Akafungua tochi, akachomoa balbu moja. Dispensari ilikuwa na betri ya gari, iliyochajiwa na kipande cha sola juu ya bati. Akashikiza nyaya za balbu kwenye betri. Ile balbu ikawaka kama radi ndogo. Kisha, taf! Ikatoa moshi, ikafa.

Wakatazamana.

"Yamebaki macho sita," alisema Theresia. "Na tochi si yangu. Usiue lingine. Nenda ukamlete fundi."

*

Fundi alikuwa Mselemu. Babu yake alitoka pwani na shehena ya chumvi, akaoa Singida, akasahau kurudi. Mselemu alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Sepuka sokoni. Philipo akamleta kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, wote wawili wakiwa na matope mpaka magotini.

Theresia alikuwa amemlaza Rahabu kwenye mkeka ndani, kivulini. Mtoto alikuwa amelalia upande wa kulia.

"Fundi," alisema Theresia, "ukiweza kuifanya ione, nakupa jogoo."

"Jogoo gani?"

"Mwekundu. Ila usimtangaze."

Mselemu akaangalia balbu iliyokufa, akatikisa kichwa.

"Daktari, hii hukuiua kwa bahati mbaya. Umeipa umeme wa betri nzima. Hii hunywa kwa kijiko, wewe umeitumbukiza kisimani."

Akatoa mfukoni kitu kidogo kama punje ya uwele, chenye mistari ya rangi.

"Hii ni rezista. Nimeitoa kwenye redio mbovu, lakini nimeichagua kwa kipimo. Kazi yake ni kubana umeme. Unaifunga njiani kati ya betri na balbu. Bila hii, utaua balbu za wilaya nzima."

Akachomoa balbu nyingine kwenye tochi. Yakabaki macho matano. Akaonyesha miguu yake miwili ya waya.

"Tena angalieni. Balbu za zamani ukizigeuza zinawaka tu. Hii ina chanya na hasi. Mguu mrefu ni chanya. Ukiikosea haiwaki, na utadhani imekufa."

"Kama kumkaribisha mkwe mlango wa nyuma," alisema Theresia.

"Hapo hapo, mama. Ananuna."

Mselemu akalehemu waya na rezista, akafunga kila kiungo kwa utepe. Akachukua msasa, akasugua kichwa cha balbu mpaka kikawa na ukungu.

"Unaiharibu!" alisema Philipo.

"Nailainisha. Mwanga wake ni mkali wa sehemu moja. Ukiwa na ukungu unasambaa sawa. Ndiyo maana uliona macho badala ya damu."

Akaisimamisha balbu mahali pa ile ya zamani, katikati kabisa. Akawasha. Chini ya hadubini pakawa peupe.

Theresia akanyanyuka amlete Rahabu. Philipo akainua mkono.

"Bado, bibi. Mwanga huu ni mgeni kwangu. Kwanza nijaribu kwa kitu ninachokijua."

Akafungua sanduku dogo. Alikuwa ametunza vioo viwili tangu kiangazi. Kimoja kilikuwa na damu yenye malaria, kingine damu isiyo nayo. Akaweka cha kwanza, akachungulia. Uso wake ukaanguka.

"Kila kitu ni buluu. Wadudu wenyewe nawatambua kwa rangi. Hapa sijui mdudu ni yupi, uchafu ni upi. Ningempima mtoto kwa hivi ningemdanganya."

Mselemu akainama, akapapasa chini ya hadubini. Akatoa kioo cha mviringo, cha rangi ya buluu.

"Na hiki kinafanya nini hapa?"

Philipo akajipiga paji.

"Hicho kilikuja na mashine! Balbu ya zamani ilikuwa na mwanga wa njano kama samli. Kioo hicho kiliusawazisha uwe mweupe. Kile cha kujitazamia nilikiweka juu yake, nikakisahau hiki."

"Basi hii tayari ni nyeupe. Unaitia sukari juu ya asali."

Wakakitoa. Philipo akachungulia tena. Safari hii alikaa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekutana na ndugu.

"Nawaona. Vipete vyao. Na kile kidoti chekundu." Akaweka kioo cha pili. "Na hapa hakuna. Sawa kabisa." Akageuka. "Mlete Rahabu."

Ilikuwa saa tano asubuhi. Nje mvua ilikuwa imeanza kunyesha.

*

Alimchoma kidole, akapaka damu kwenye kioo, akaikausha, akaitia rangi. Karibu saa nzima ikapita. Kisha akainama kwenye hadubini. Alisogeza kioo polepole, akahesabu midomoni. Theresia alimtazama shingo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbele yake. Akaomba Mungu kimyakimya, na akamwomba pia amsamehe kwa habari ya jogoo.

"Hana malaria," alisema Philipo.

"Tazama tena."

Philipo akatazama tena. "Hana, bibi. Hata mmoja."

Theresia akamvuta Rahabu karibu. Mtu hufurahi akiambiwa mtoto wake hana malaria. Lakini kama si malaria, basi mara mbili alimpa dawa isiyo yake. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa umekaa humo mwezi mzima, unakula polepole bila kusumbuliwa.

Nesi Winfrida akaitwa. Sasa hakushika kalamu. Alimshika mtoto. Akamsikiliza kifua, akamtazama koo, akamwuliza Theresia kuhusu choo na mkojo. Akafika kwenye sikio la kushoto. Akaligusa kidogo tu, na Rahabu akapiga ukelele.

Winfrida akachungulia kwa kifaa chake.

"Bibi, mtoto huyu anasikia vizuri?"

Theresia akakumbuka ungo na mbegu. Akakumbuka mara zote alizoita, na mara zote alizogomba.

"Nilidhani ni kiburi," alisema.

"Sikio lina usaha ndani. Homa inatoka huku. Tungeendelea kumpa dawa ya malaria, sikio lingekufa. Atameza dawa hii mpaka iishe. Hata homa ikitoka kesho, asiache. Na usimtie kitu sikioni, mafuta wala maji ya majani. Umrudishe baada ya siku mbili nimwone."

Wakati Theresia anatoka, Philipo alikuwa mvuani. Alikuwa amelikamata benchi upande mmoja, Mselemu upande wa pili. Wakaliingiza barazani, chini ya bati. Mzee Alute alikuwa amefika na mwavuli.

"Sasa tutaiva wapi?" aliuliza.

"Hapa hapa, mzee," alisema Philipo. "Keti, nikueleze jambo ambalo nilipaswa kukueleza miaka mitatu iliyopita."

*

Antipasi alipoiona tochi yake, alihesabu mara mbili.

"Macho matano. Niliacha saba."

"Moja limekufa kazini," alisema Theresia. "Moja linafanya kazi serikalini."

Mzee alinuna siku mbili. Siku ya tatu alikwenda dispensari kulitazama. Philipo akamweleza kwamba balbu ile inakula umeme kidogo mno, na betri sasa inakaa siku nyingi hata mawingu yakifunga. Tangu hapo Antipasi alijitia kazi barazani. Kila aliyetoka kupimwa alimwambia, "Umeonwa kwa jicho langu hilo."

Watu walipimwa asubuhi, mchana, na siku za mvua. Wenye malaria walipata dawa ya malaria. Wasio nayo, Winfrida aliwatafuta ugonjwa wao mpaka akaupata, au akawaandikia barua ya mjini. Vidonge vya malaria, vilivyokuwa vinaisha kabla ya mwezi, sasa vilivuka mwezi.

Rahabu alimaliza dawa zote. Homa haikurudi. Lakini kuhusu sikio, Winfrida alisema wangoje waone. Theresia alingoja. Kila siku alimwita mtoto, na kila siku aliogopa kumwita.

Wiki ya tatu, Theresia alikaa tena mlangoni na ungo. Rahabu alikaa kulia kwake, sikio la kushoto likimwelekea bibi. Hatua chache mbele, Antipasi alikuwa anamtupia Mwenyekiti mtama kwa mkono wake mwenyewe.

Theresia hakumgusa mtoto. Hakumgeukia hata kidogo. Akanong'ona, chini kabisa, kama mtu anayesema na mbegu.

"Jogoo yule nimeshampa Fundi Mselemu. Anamfuata kesho. Babu yako asijue."

Rahabu akaruka juu.

"Babu! Babu! Bibi amemtoa Mwenyekiti kwa fundi!"

Antipasi akageuka, mtama mkononi, mdomo wazi. Theresia akaweka ungo chini. Akamvuta mjukuu wake kifuani, akamfunika kwa kanga, na mabega yake yakatikisika. Antipasi hakujua kama anacheka au analia.

"Theresia! Ni kweli anachosema mtoto?"

"Ni kweli, mume wangu," alijibu Theresia ndani ya kanga. "Amesikia vizuri kabisa."